Sura ya Tisa: Tafadhali Rejea Namba Hii

Hadi Juni 2025, karatasi yoyote iliyotoka Sengerema kwenda ofisi za mkoa kwa njia ya Busisi ilipanda kivuko. Maji ya Ghuba ya Mwanza kati ya Busisi na Kigongo yana upana wa kilomita kama 3 tu, lakini foleni ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema zilipishana kutwa, malori ya Geita na Bukoba yakisubiri zamu, wachuuzi wakipita madirishani na sahani za samaki. Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja tarehe 7 Desemba 2019, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua likiwa na jina la mtangulizi wake. Safari iliyoweza kula saa 2 na zaidi sasa ni dakika chache za kuendesha gari.

Ripoti za afya zilikuwa zimekwisha kuachana na kivuko miaka mingi kabla ya hapo. Tangu miaka ya 1990 zahanati za Tanzania Bara hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya: kitabu cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha wazazi. Mwisho wa mwezi muuguzi hukaa akahesabu vijistari, akajaza fomu ya muhtasari, na fomu ikaenda wilayani. Zamani huko wilayani zilijumlishwa kwa mkono, zikapelekwa mkoani, kisha wizarani. Kwa mtu wa Sengerema, mkoani ni ng'ambo ya ghuba, uvukie Busisi au Kamanga. Halafu ukaja mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Ulijaribiwa kwanza mkoa wa Pwani, na ilipofika mwisho wa 2013 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Bara. Tarakimu zikishaingizwa Sengerema, Mwanza na wizarani wanaziona papo hapo.

Sura hii inahusu kinachotokea mfumo kama huo unapokosea, na hasa hatua moja ambayo wataalamu wengi huipita haraka kwa kuwa huonekana ni ya kubofya vitufe viwili vitatu: kuunganisha mahali malalamiko yanapoandikwa na mahali msimbo wa programu unapotunzwa. Nimeiona hatua hii ikidharauliwa na watu hodari sana, nami nashikilia kwamba ndiyo inayoamua kama neno la muuguzi litamfikia anayeandika programu, au litaishia kwenye simu ya mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayotokea kila mwezi. Muuguzi wa zahanati moja upande wa Busisi anampigia mratibu wa MTUHA wa halmashauri.

"Shikamoo mama. Ripoti yangu ya Septemba inagoma, jumla ya wajawazito inasoma sifuri."

"Marahaba mwanangu. Umetoka ukaingia upya?"

"Nimefanya hivyo, mama. Kwenye simu namba inaonekana, kwenye kompyuta haionekani."

Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kuliko anavyojua msemaji. Kama namba ipo kwenye simu, na simu imekwisha kuituma kwenye seva, basi imo ndani ya hifadhidata. Hitilafu haiko kwenye takwimu wala kwenye mtandao, iko kwenye ukurasa unaozionyesha. Fundi akiisikia, nusu ya kazi imekwisha. Tatizo ni njia ndefu iliyo mbele yake. Mratibu ataandika kwenye kundi la WhatsApp la waratibu wa mkoa. Mtu wa mkoa ataupeleka ujumbe wizarani, au kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao kwa miaka mingi wamekuwa nguzo ya DHIS2 nchini. Wao wakiona kosa si la mipangilio ya Tanzania bali limo ndani ya programu yenyewe, wataliandikia tiketi kwa wenye programu. Mizizi ya DHIS2 iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, katika mradi wa HISP ulioanza baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na leo makao yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kila mkono ujumbe unaopitia hupunguza neno. Ukifika Oslo unaweza kuwa umebaki "ripoti haifanyi kazi Tanzania".

Na hata ukifika mzima, unakuta nyumba mbili. Tiketi za DHIS2 huandikwa kwenye Jira, mfumo wa kampuni ya Atlassian ya Australia uliotoka mwaka 2002. Msimbo unatunzwa GitHub, huduma iliyoanza 2008. Jira inajua nani amelalamika, lini, anatumia toleo gani, na picha ya skrini inaonyesha nini. GitHub inajua mstari upi wa programu ulibadilishwa, na nani, na nani alikubali ubadilishwe. Hakuna kati ya hizo mbili inayoijua habari yote.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya serikali Tanzania ameshakutana na dawa ya ugonjwa huu. Kila barua ina Kumb. Na. juu yake, na anayejibu huanza kwa kurejea namba hiyo kabla ya kusema neno lingine. Hakuna anayenakili barua nzima ya mwenzake ndani ya majibu yake. Anaitaja namba, na masijala ya upande wa pili inajua jalada lipi la kuvuta. Kuunganisha mfumo wa tiketi na hifadhi ya msimbo ni kazi hiyohiyo, tena haina ziada ya kutisha. Tiketi ina namba ya kipekee. Kila badiliko la msimbo linaandikwa pamoja na ujumbe mfupi wa kueleza limefanya nini. Namba inaingia kwenye ujumbe. Kompyuta inafanya yaliyobaki.

Ujumbe wenyewe unaonekana hivi, nikiuandika kwa Kiswahili na kwa namba ya kubuni: "fix: onyesha jumla pale kipindi kinapovuka robo ya mwaka [DHIS2-00000]". Neno la kwanza linaeleza aina ya badiliko, yaani ni marekebisho ya kosa. Katikati ni maelezo. Mwishoni, ndani ya mabano ya mraba, ni namba ya tiketi: jina fupi la mradi kwa herufi kubwa, kistari, tarakimu.

Kuna sababu ya kiufundi inayofanya namba hiyo iwe na nguvu pale ilipowekwa, nayo inastahili kuelezwa taratibu. Mfumo wa Git, ambao Linus Torvalds aliutengeneza Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, hulipa kila badiliko alama yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 40. Alama hiyo haipangwi kwa zamu. Inakokotolewa kutokana na vilivyomo: mafaili, jina la aliyeandika, tarehe, alama ya badiliko lililotangulia, na ujumbe wenyewe. Ukigusa herufi moja ya ujumbe, alama inabadilika, na kwa kuwa badiliko linalofuata limebeba alama ya lililotangulia, nazo zote zinazofuata zinabadilika. Kila mwenye nakala atagundua. Kwa hiyo namba ya tiketi ikishaingia kwenye ujumbe na badiliko likapokelewa kwenye msimbo mkuu, imeshonwa humo. Mfumo wa tiketi unaweza kuhamishwa, kubadilishwa jina, hata kufungwa; namba itabaki ndani ya kila nakala ya msimbo duniani. Ndiyo maana napenda rejea iandikwe upande wa msimbo kwanza, hata kabla ya kuwaza vitufe vya kuunganisha. Timu isiyo na mipangilio yoyote lakini ina nidhamu ya kuandika namba iko pazuri kuliko timu yenye mipangilio yote na ujumbe unaosema "nimerekebisha".

Faida yake huonekana baadaye, wakati wote waliohusika wameshahama. Miaka 3 imepita. Kijana mpya, tuseme yuko Kampala au Colombo, anasafisha msimbo wa ule ukurasa wa ripoti. Anakuta mistari 4 isiyo na maana machoni pake, inayoshughulikia robo ya mwaka kwa namna ya pekee. Anataka kuifuta. Kabla ya kufuta anaiuliza Git nani aliiweka na kwa nini. Anapata ujumbe, anaiona namba, anabofya, na mbele yake inafunguka tiketi yenye maneno yaliyosemwa upande wa Busisi: kwenye simu inaonekana, kwenye kompyuta haionekani. Mistari ile 4 inabaki. Bila namba ingefutwa kwa nia njema kabisa, na muuguzi mwingine angepata sifuri Septemba ijayo.

Sasa msomaji anaweza kuuliza kwa nini pawe na nyumba mbili tangu mwanzo. GitHub ina sehemu yake ya kuandikia masuala, na GitLab, huduma nyingine ya aina hiyo, pia. Kwa timu ya watu 3 pale Mwanza inayotengeneza programu ya SACCOS, jibu langu ni kwamba pasiwe na mbili. Tumieni sehemu iliyokuja na hifadhi yenu ya msimbo, mmalize. Mfumo wa nje unalipa gharama yake pale wanaolalamika na wanaopima ni wengi kuliko wanaoandika msimbo, na pale bidhaa moja ina hifadhi nyingi. DHIS2 ina seva iliyoandikwa kwa Java, kurasa za wavuti kadhaa kila moja na hifadhi yake, na programu ya simu za Android peke yake. Lalamiko moja la Sengerema linaweza kugusa hifadhi 3 kwa mpigo. Likiandikwa ndani ya mojawapo, mbili nyingine hazilijui. Likiandikwa nje, zote tatu zinairejea namba ileile, na ukifungua tiketi unayaona mabadiliko yote matatu yamepangwa mahali pamoja.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliobuniwa mwaka 2004 na kuanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ulipita njia hiyohiyo. Mwanzo msimbo ulikuwa Subversion na tiketi kwenye Trac. Baadaye tiketi zikahamia Jira na msimbo ukahamia GitHub. Wachangiaji wake wengi wako Uganda, Kenya, India na Marekani, na sheria wanayofundishwa siku ya kwanza ni kwamba badiliko halianzi bila tiketi. Mgeni huichukua tiketi, huiandika namba yake mwanzoni mwa ujumbe na kwenye kichwa cha ombi la kuingiza msimbo, kwa mfano TRUNK na tarakimu zake kwa sehemu kuu ya mfumo. Kijana wa chuo anayechangia kwa mara ya kwanza huona ni urasimu. Mimi naona ni heshima anayofunzwa: kwamba msimbo wake unamjibu mtu.

Mipangilio yenyewe haichukui muda. Upande wa GitLab, mradi ulioanzia Ukraine mwaka 2011, unaingia kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya miunganisho, unachagua mfumo wa tiketi wa nje unaoutumia, kisha unaupa anwani: ya mradi ulipo kwenye mfumo wa tiketi, ya tiketi moja moja ikiwa na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya namba, na kwa baadhi ya mifumo, ya ukurasa wa kufungua tiketi mpya. Kuanzia hapo, kila namba yenye umbo linalojulikana ikitokea kwenye ujumbe au maelezo hugeuka kiungo. GitHub nayo hukuruhusu kutaja kiambishi, kwa mfano herufi za mradi na kistari, na anwani yenye nafasi ya namba. Hii ni nusu ya kwanza, kutoka msimbo kwenda tiketi. Haihitaji ruhusa ya mfumo wa tiketi wala nywila yoyote, kwa kuwa hakuna kinachosafirishwa. Ni maandishi yanayogeuzwa kuwa anwani.

Nusu ya pili, kutoka tiketi kwenda msimbo, ndiyo inayohitaji makubaliano. Hapo seva ya msimbo hutuma taarifa papo hapo kila badiliko linapoingia, na Jira husoma ujumbe, jina la tawi la kazi na kichwa cha ombi, ikitafuta namba. Ikiipata huliweka badiliko ndani ya tiketi. Hapa ruhusa zinahusika, na ninashauri ruhusa ya kusoma itolewe kwanza na ya kuandika icheleweshwe. Sababu nitaieleza, maana ndipo penye kosa kubwa kuliko yote.

Kabla yake kuna mitego midogo. Wa kwanza ni umbo la namba. Kwenye baadhi ya miunganisho, chochote chenye herufi kubwa, kistari na tarakimu huhesabiwa kuwa tiketi. UTF-8, ambayo ni kanuni ya kuhifadhi herufi, ina umbo hilo. COVID-19 inalo pia. Fikiria mradi wa programu za afya mwaka 2020, kila ujumbe wa pili ukitaja ugonjwa huo, na kila mahali ulipotajwa pamegeuka kiungo cha kwenda kwenye tiketi ya 19 ya mradi usiokuwepo. Dawa yake ni kuufunga muunganisho kwenye kiambishi cha mradi wako peke yake. GitHub hudai kiambishi hicho tangu mwanzo. Kwingine inabidi ukumbuke mwenyewe.

Mtego wa pili ni kuacha milango yote wazi. Umeunganisha Jira, lakini sehemu ya masuala ya hifadhi haijafungwa. Watu watagawanyika: nusu wataandika huku, nusu kule, na tiketi namba 12 ya ndani itachanganywa na namba 12 ya nje. Kwenye GitLab kwa mfano, ukitumia alama ya reli (#) na tarakimu wakati mifumo yote miwili ipo, na namba hiyo ipo ndani, kiungo kitakwenda kwa ya ndani. Aliyekusudia ya nje hatajua. Ifunge sehemu ya ndani siku ileile unayounganisha ya nje, na uwaambie watu.

Wa tatu ni kuandika anwani nzima badala ya namba. Inaonekana ni wema kwa msomaji, kwa kuwa anwani hubofyeka popote. Lakini anwani zinakufa. Google Code, huduma nyingine ya kutunzia msimbo, ilifungwa kwa kazi mpya mwaka 2015 na kuzimwa mwaka uliofuata. Februari 2024 Atlassian ilisitisha huduma kwa toleo la Jira lililokuwa likisimikwa kwenye seva za wateja wenyewe, na mashirika mengi yakahamia kwenye wingu la kampuni au kwenye toleo jingine. Aliyehamia wingu akiwa ameandika namba tupu alibadilisha mpangilio mmoja, na viungo vyote vya zamani vikaelekea mahali papya. Aliyeandika anwani nzima kwenye maelfu ya jumbe hakuweza kuzigusa, kwa sababu ileile ya alama 40 niliyoieleza. DHIS2 yenyewe ilikaa miaka mingi Launchpad, msimbo na tiketi pamoja, kabla ya kuhama. Mradi unaoishi muda mrefu utahama tu. Andika namba.

Sasa lile kosa kubwa. Miunganisho mingi hukupa uwezo wa kuifunga tiketi kwa neno ndani ya ujumbe. Ukiandika kwamba badiliko hili linafunga tiketi fulani, basi msimbo unapoingia kwenye tawi kuu tiketi inafungwa yenyewe, na mlalamikaji anapata barua pepe kwamba tatizo limetatuliwa. Wataalamu wanaipenda sana njia hii. Mimi naipinga, na naipinga kwa ajili ya watu wa Sengerema.

Tufuate badiliko letu. Limeingia kwenye msimbo mkuu Oslo siku ya Jumanne. Siku hiyo hakuna nchi yoyote inayolitumia. Litasubiri toleo lijalo, au litapelekwa nyuma kwenye matoleo yaliyopo. DHIS2 huhudumia matoleo 3 ya karibuni, na marekebisho hutoka kama nyongeza, 2.41 ikawa 2.41.1 na kuendelea. Nyongeza ikishatoka, wizara haiwezi kuisimika kesho yake. Mfumo unabeba takwimu za nchi nzima. Ni lazima ijaribiwe kwenye seva ya majaribio, iangaliwe kama ripoti za malaria, chanjo na wajawazito zinatoa namba zilezile, itafutwe siku ambayo wilaya hazina haraka ya kufunga mwezi. Hizo ni wiki, pengine miezi, na ni za uangalifu unaostahili. Kama nchi inatumia toleo lililokwisha kutoka kwenye huduma, marekebisho hayafiki kabisa mpaka ihamie toleo jipya.

Muda wote huo muuguzi wetu bado anaona sifuri, na bado anajaza karatasi pembeni ili asipoteze hesabu. Lakini Jira inasema imefungwa. Mratibu akiuliza, anaambiwa limekwisha. Akiuliza tena, anaonekana msumbufu. Mara ya tatu hatauliza, na mwezi ujao hitilafu nyingine haitaripotiwa kwa sababu watu wamejifunza kwamba kuripoti hakuleti kitu. Nadhani mifumo mingi ya umma hupoteza masikio yake namna hii: tiketi inafungwa mapema, na walioko vituoni wananyamaza.

Kwa hiyo muunganisho mzuri, kwa maoni yangu, husogeza tiketi hatua moja tu. Msimbo ukiingia, tiketi ihame kutoka "inashughulikiwa" kwenda "imeingia kwenye msimbo". Toleo likitoka, iandikwe namba ya toleo. Hapo wenye programu Oslo wana haki ya kufunga ya kwao, kwa kuwa wametoa walichoweza kutoa. Lakini nchi inatakiwa kuwa na tiketi yake, inayorejea ile ya Oslo kwa namba, na hiyo isifungwe na mashine wala na mwandishi wa msimbo. Ifungwe na mratibu aliyeileta, baada ya kufungua ripoti ya Septemba kwenye kompyuta ileile na kuiona jumla. Ni tiketi mbili zenye wamiliki wawili, na hakuna ubaya. Ubaya ni kumpa mmoja kalamu ya kufungia jambo la mwingine.

Jambo hili linaleta suala la nani anaruhusiwa kuona nini. Msimbo wa DHIS2 na wa OpenMRS uko wazi kwa dunia. Tiketi za miradi hiyo nazo kwa sehemu kubwa husomeka bila akaunti, na hilo ni jema, kwa kuwa namba kwenye ujumbe inayoelekea kwenye mlango uliofungwa haimsaidii kijana wa Kampala. Tiketi ya kitaifa ni jambo tofauti. Mratibu akipiga picha ya skrini kuonyesha kosa, mara nyingi picha hiyo ina jina la mgonjwa, kijiji, tarehe ya kipimo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa kwa uzito wa pekee. Mfumo wa tiketi wa nchi ukae ndani, wenye ruhusa. Kinachotoka kwenda Oslo kiandikwe upya na mtu aliyesafisha majina, kisha namba mbili zirejeane. Hapa ndipo uzuri wa kurejea kwa namba, kuliko kunakili, unapoonekana: namba inavuka mpaka bila kumbeba mgonjwa. Muunganisho unaonakili maelezo na viambatisho kiotomatiki kutoka mfumo wa ndani kwenda wa nje ungemvusha pamoja nayo. Usiuwashe.

Lipo pia suala la lugha, ambalo sijaona likijadiliwa inavyostahili. Tiketi za kimataifa huandikwa kwa Kiingereza, na ndivyo itakavyokuwa, maana anayezisoma anaweza kuwa Oslo, Hanoi au Maputo. Lakini tiketi ya kitaifa haina sababu hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba lugha haitoshi kwa kompyuta. Muuguzi akilazimishwa kueleza hitilafu kwa Kiingereza, ataandika kile Kiingereza chake kinachoruhusu, na mara nyingi kitakuwa "ripoti haifanyi kazi". Akiandika kwa Kiswahili ataandika kwamba kwenye simu inaonekana na kwenye kompyuta haionekani.

Ningekuwa napanga mfumo wa tiketi wa mkoa wa Mwanza leo, ningeweka sehemu mbili kwenye fomu. Ya juu ingekuwa ya aliyeona hitilafu, kwa maneno yake, isiyohaririwa na mtu yeyote baada yake. Ya chini ingekuwa ya mtaalamu, kwa Kiswahili au Kiingereza, pamoja na toleo la mfumo na namba ya tiketi ya nje kama ipo. Na tiketi ikishafunguliwa, namba yake irudishwe kwenye kundi lilelile la WhatsApp lalamiko lilikotokea, ikiwa na maneno machache: imepokelewa, tafadhali rejea namba hii ukiuliza. Muuguzi ataiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa kitabu chake cha MTUHA, na mwezi ujao atakapopiga simu ataanza kwa kuitaja.